Harambe ya Florida: Kula hadi ushibe, lakini kila kichwa huhesabiwa

UKIAMBIWA kuna mji wa Waswahili usio Lamu, wala Mombasa, wala Unguja, yamkini utauliza uko kisiwa kipi. Hauko kisiwani. Uko Marekani, katika jimbo la Florida, karibu na jiji la Orlando, na jina lake ni Harambe. Kuta zake zimechubuliwa makusudi ili zionekane kuukuu, mabango yameandikwa Kiswahili, mapaa mengine ni ya nyasi, na yapo maandishi ya ukumbusho wa Uhuru wa mwaka 1961. Hata hivyo, hakuna mwananchi anayelala humo. Saa ya kufunga ikifika wageni hutoka, na malango yakakomewa hadi kesho.

Harambe ni kijiji cha kubuni ndani ya Animal Kingdom, bustani ya burudani na wanyama ya kampuni ya Disney iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili, 1998. Kiongozi wa wabunifu wake, Joe Rohde, alisafiri na wenzake hadi Afrika Mashariki kutafuta sura ya mahali, na mji wa Lamu ni mmojawapo wa miji waliyoichota. Bustani hiyo imo ndani ya milki kubwa ya Walt Disney World, yenye eneo la maili mraba 40 hivi. Kwa Mkenya, kipimo rahisi ni hiki: milki nzima ni ndogo kidogo tu kuliko Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Tofauti ni kwamba huku kwetu simba hula bure!

Kila mwaka familia za Kenya huenda Marekani kumtembelea ndugu au kuhudhuria mahafali ya mtoto, na zikiwa huko watoto hawakosi kudai kupelekwa kwa panya Mickey. Makala haya ni kwa ajili ya familia hizo, na pia kwa wale tutakaosafiri kwa macho tu. Jambo ninalotaka kulitazama ni moja: mezani pa Harambe na jirani yake, chakula kinauzwa vipi, na kwa nini bei yake haiachi kupanda?

KISWAHILI KILA PEMBE

Raha ya kwanza kwa msomaji wa Kiswahili ni majina. Kuna kibanda cha vitu vitamu kiitwacho Tamu Tamu. Kuna baa iitwayo Dawa, jina ambalo mnywaji wa Nairobi halihitaji kufafanuliwa. Gari la kuwatazama wanyama linaondokea hapo kijijini, na safari yake imepewa jina la Mlima Kilimanjaro. Utawaona twiga, ndovu, vifaru na simba halisi, lakini ukifika kwenye mbuyu mkubwa usijisumbue kuchuma ubuyu: mti huo umeundwa kwa saruji.

Nje ya bustani, mwendo mfupi kwa basi, iko hoteli iitwayo Animal Kingdom Lodge. Ilifunguliwa Aprili 2001, mwaka ule ule ambao mji mkongwe wa Lamu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Hoteli hiyo imejengwa kwa umbo la kiatu cha farasi, kama zizi linalozunguka uwanda wa majani, ili mgeni aamke na kumwona punda milia akila mbele ya dirisha lake. Sehemu moja ya hoteli inaitwa Jambo House, nyingine Kidani Village. Mikahawa yake mikubwa ni Jiko, Sanaa na Boma.

Vijana wengi wa Kiafrika wanaofanya kazi hapo kwa mkataba hutoka nchi za kusini mwa bara letu, kama vile Afrika Kusini, Botswana na Namibia. Basi usishangae ukimwamkia mmoja wao kwa "Habari gani?" naye akakujibu kwa Kiingereza. Jina la nyumba ni la Pwani yetu. Mwenye kukupokea anatoka mbali na Pwani.

BOMA NA TUSKER HOUSE

Bafe mbili ndizo zinazotuhusu. Ya kwanza ni Tusker House, iliyo katikati ya kijiji cha Harambe. Wageni hula wakitembelewa mezani na bata Donald, panya Mickey na wenzao waliovaa nguo za safari. Watoto huwakumbatia, wazazi hupiga picha. Hapo zamani Tusker House ulikuwa mkahawa wa kawaida wa kuagiza kaunta na kubeba sinia yako mwenyewe. Ilipofika mwaka 2007 ukageuzwa kuwa wa bafe.

Ya pili ni Boma, iliyo hotelini. Hapa hakuna Mickey. Kuna vibanda vya kupikia vilivyopangwa kama soko, moto unaowaka na mpishi anayekata nyama ukiona. Asubuhi utakuta "pap", ambayo ni ndugu wa ugali wetu kutoka Afrika Kusini, na bobotie, nyama ya kusaga iliyookwa na kufunikwa kwa yai. Jioni kuna supu za namna kadha wa kadha, nyama za kuchoma na wali. Kitindamlo chenye sifa kubwa ni kijikuba cha chokoleti chenye milia kama ya punda milia, ambacho wageni hukitamani hata kabla ya kukalia kiti.

Kuna tofauti moja ya mfukoni ambayo msafiri hana budi kuijua. Kwa kuwa Tusker House umo ndani ya bustani, huwezi kuufikia bila kwanza kulipa kiingilio cha bustani yenyewe. Desemba 2022 kiingilio cha siku moja cha Animal Kingdom kiliwekwa kati ya dola 109 na dola 159 kwa mtu mzima, kutegemea tarehe. Boma haina lango hilo. Waweza kwenda kula bila kununua tikiti ya bustani yoyote.

CHAMBO KILICHOGEUKA SAMAKI

Ili kuielewa bei ya leo, yafaa turudi nyuma kidogo. Wamarekani wengi walianza kuizoea meza ya kujipakulia baada ya kuiona ile ya Waswidi katika maonyesho ya dunia ya New York mwaka 1939. Lakini bafe ya kula upendavyo kwa bei moja inahusishwa zaidi na mji wa kamari wa Las Vegas. Mwaka 1946, katika hoteli ya El Rancho Vegas, mgeni alilipa dola moja tu akala mpaka akakinai. Mwenye hoteli hakutafuta faida kwenye sahani. Alitaka mcheza kamari asitoke nje kutafuta chakula, maana faida ilikuwa kwenye meza za kamari. Bafe ilikuwa chambo.

Dola moja ya mwaka 1946 ni sawa na takriban dola 16 za mwaka 2024. Leo bafe kubwa za Las Vegas hutoza zaidi ya dola 70 kwa mlo wa jioni, na nyingi za bei nafuu zilizofungwa mwaka 2020 wakati wa korona hazikufunguliwa tena. Chambo kimegeuka samaki. Hakuna anayelishwa bure ili akacheze. Chakula chenyewe ndicho bidhaa.

Bustani za burudani zimepita njia iyo hiyo. Walt Disney World ilipofungua milango tarehe 1 Oktoba, 1971, kiingilio cha mtu mzima kilikuwa dola 3.50, ingawa michezo ililipiwa kando. Desemba 2022 tikiti ya siku moja ya bustani kongwe, Magic Kingdom, ilifikia dola 189 katika siku za msongamano. Nazo bafe zikafuata. Boma ilipokuwa changa, mlo wa jioni haukufika dola 30 kwa mtu mzima. Kufikia mwaka 2024 ulikuwa umevuka dola 50. Chef Mickey's, bafe maarufu katika hoteli nyingine ya hapo, jioni hupita dola 60.

HESABU YA FAMILIA MOJA

Sasa tuchukulie familia ya baba, mama, kijana wa miaka 13, binti wa miaka 10 na kitindamimba wa miaka 6. Tuseme bei ya mtu mzima ni dola 55 na ya mtoto ni dola 33.

Mama atasema, "Watu wazima wawili, watoto watatu." Kaunta itasema, "Watu wazima wanne, mtoto mmoja." Hapa ndipo wengi hushtuka. Kwa kanuni za Disney, mtoto ni mwenye umri wa miaka 3 hadi 9. Aliye chini ya miaka 3 hali kwa malipo. Aliyetimiza miaka 10 ni mtu mzima, hata kama atakula kipaja kimoja cha kuku na vibanzi vinne kisha akimbilie vitindamlo.

Wanne kwa dola 55 ni dola 220. Ongeza dola 33 za kitindamimba, unapata 253. Ushuru wa mauzo katika eneo hilo la Florida ni asilimia 6.5, yaani dola 16 na senti kadhaa, nao haumo katika bei iliyotangazwa. Halafu kuna bakshishi. Desturi ya Marekani ni asilimia 15 hadi 20, na mkiwa watu sita au zaidi asilimia 18 huandikwa kwenye risiti bila kuulizwa. Kwa asilimia 18, ongeza dola 45 na nusu. Jumla inafika dola 315.

Kwa kiwango cha Sh129 kwa dola, mlo huo mmoja ni zaidi ya Sh40,000. Januari 2024, dola ilipokaribia Sh160, ungekuwa zaidi ya Sh50,000. Zingatia hapo: Mkenya hupandishiwa bei mara mbili, mara moja na mkahawa na mara nyingine na soko la fedha za kigeni, hata kama hajaongeza kijiko.

Si hayo tu. Meza huwekwa mapema, hadi siku 60 kabla. Ukighairi dakika za mwisho au usipotokea, unaweza kutozwa dola 10 kwa kila mtu. Basi mtoto akipatwa na homa usiku, piga simu au ghairi mapema, la sivyo mtalipia viti mlivyoviacha vitupu.

KWA NINI BEI HAISHUKI

Sababu ziko nyingi, na si zote za kulaumiwa.

Kwanza, vyakula vyenyewe vimepanda. Juni 2022 mfumuko wa bei Marekani ulifika asilimia 9.1, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka 40. Homa ya ndege nayo ikawaua kuku kwa mamilioni na mayai yakawa adimu. Bafe ya asubuhi bila mayai ni sawa na harusi bila pilau.

Pili ni mishahara. Mwaka 2018 vyama vya wafanyakazi wa Disney huko Florida vilipata mkataba wa kuupandisha mshahara wa chini hadi dola 15 kwa saa kufikia 2021. Mwaka 2023 wakapata mkataba mwingine, wa kufikisha dola 18 kabla ya mwaka kwisha. Novemba 2020, wapigakura wa Florida nao waliamua kima cha chini cha jimbo zima kipande hatua kwa hatua hadi dola 15 mwezi Septemba 2026. Wafanyakazi hao wana watoto na kodi za nyumba. Anayelalamikia bei ya sahani na akumbuke aliyeiosha.

Tatu ni mahali penyewe. Ukiwa katikati ya milki ya ekari 25,000, huwezi kuvuka barabara kununua chapati. Mwenye uwanja ndiye mwenye hoteli, ndiye mwenye basi, ndiye mwenye jiko. Nje ya milki, kando ya barabara za Orlando na Kissimmee, kuna mikahawa ya bei nafuu tele, lakini mtu aliyechoka na watoto wanaolia haendi kuitafuta.

Nne, bei nyingine hupanda bila kuonekana. Mwaka 2005 Disney ilianzisha mpango wa mgeni wa hoteli kulipia chakula cha safari nzima mapema. Mwanzoni mpango huo ulijumuisha kianzio cha mlo na bakshishi. Kuanzia mwaka 2008 hivyo viwili viliondolewa. Ukasimamishwa mwaka 2020, ukarudi Januari 2024. Mgeni aliyezoea jina la zamani asidhani amenunua kitu kile kile.

Sababu ya tano ndiyo kubwa kuliko zote: meza zinajaa. Maadamu watu wanapanga foleni, hakuna mfanyabiashara atakayepunguza bei kwa huruma.

HARAMBEE NA HARAMBE

Tusiwe wachoyo wa sifa. Bafe ina mema yake. Bei yake hujulikana kabla ya kuketi, na kijana wa miaka 16 aliyetoka kutembea kutwa atawapa wapishi kazi ya haki. Mtoto mteuzi hupata kitu anachokipenda bila ugomvi. Chakula kilichopikwa kisipakuliwe, Disney hukitoa kwa ghala la kuwalisha wahitaji wa Florida ya kati. Haya ni mambo ya kupongezwa.

Lakini jina lile kwenye lango halitoki akilini. Kwetu sisi, harambee ni neno zito. Mzee Jomo Kenyatta alilifanya mwito wa taifa mwaka 1963, nalo limo katika nembo ya Kenya. Maana yake ni kila mtu kuchanga alicho nacho ili mzigo uinuke: mwenye ng'ombe alete ng'ombe, mwenye kuni alete kuni, mjane alete mikono yake. Siku ya karamu, sinia huwekwa katikati na waliopo huizunguka. Hakuna anayesimama mlangoni kuuliza mtoto huyu ametimiza miaka mingapi.

Katika Harambe ya Florida mambo ni kinyume. Chakula kimemwagwa kana kwamba hakina mwisho, ila kila kichwa kimehesabiwa kabla hakijaingia. Huu si uovu. Ni biashara, na haikujificha. Kosa litakuwa letu tukiona nyasi kwenye paa na neno "Boma" ukutani, tukadhani tumealikwa. Hatukualikwa. Tumeuziwa. Mgeni wa harambee huulizwa habari za nyumbani. Mgeni wa bafe huulizwa ni watu wangapi.

Athari yake huonekana kwenye sahani. Mtu aliyelipa Sh7,000 kwa mlo haangalii njaa yake, huangalia fedha zake. Hurudi mara ya tatu na ya nne ili "kuzila" pesa, na jioni hulala akishika tumbo. Watoto nao hujifunza kwamba kushiba ni kushinda. Mzazi aliyewafundisha nyumbani kutobakiza chakula huwaona wakiacha sahani zimejaa nusu, na hana la kusema kwa sababu hata yeye yake imejaa nusu.

UKIJALIWA KUFIKA

Kwa hiyo, msomaji, ukijaliwa kufika huko na jamaa yako, haya yatakufaa.

Chagueni mlo mmoja wa bafe kwa safari nzima, si mmoja kila siku. Ukiwa wa asubuhi ni bora zaidi, kwa kuwa aghalabu huwa nafuu kuliko wa jioni. Kuleni saa nne au saa tano, nanyi hamtahitaji chakula cha mchana.

Siku nyingine bebeni chakula chenu. Disney huruhusu wageni kuingia bustanini na vyakula na vinywaji vyao, mradi si pombe wala chupa za kioo. Mkate, ndizi na maji kutoka duka la mjini vitawaokolea mamia ya dola.

Kama mtoto anakaribia kutimiza miaka 10 na tarehe ya safari mnaweza kuichagua, itazameni kalenda. Wiki moja kabla ya siku yake ya kuzaliwa ni mtoto. Wiki moja baadaye ni mtu mzima.

Usiibane bakshishi. Sheria ya Florida inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu wa meza pungufu ya kima cha chini kwa dola 3.02 kila saa, kwa kutarajia kuwa wewe utajaza pengo. Kama huwezi kuilipa, basi huwezi kuula mlo huo.

Hata hapa nyumbani fundisho ni hilo hilo. Ukiiona bei ya bafe ya Krismasi katika hoteli ya Pwani au ya Nairobi, uliza kwanza kama ushuru wa VAT wa asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2 vimo ndani, na mtoto huhesabiwa mtoto hadi umri gani. Swali hilo ulizeni kwenye simu, si mezani mbele ya watoto.

Na mwisho, jambo zuri kuliko yote katika hoteli ile halimo kwenye bafe. Mtu asiye mgeni wa hoteli anaweza kuingia ukumbini, apite hadi kwenye ujia unaotazama uwanda, asimame hapo jioni na watoto wake kuwatazama twiga wakinyosha shingo chini ya mbingu ya Florida. Hapo hapana kaunta, na mwenye miaka 9 na mwenye miaka 10 hutazama kwa bei moja.